Filimbi Ikinyamaza

Stesheni ya Okayama asubuhi ile ilikuwa inachemka. Watu walimwagika kutoka kwenye treni na kofia za timu zao vichwani na bendera mabegani, na wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: basi la Aida. Kiwanja cha mbio za magari kilikuwa juu milimani huko, kilijengwa ili wenye nazo wakacheze na magari yao siku za mapumziko, na barabara yake ilikuwa nyembamba kama utepe. Sasa mashindano makubwa ya dunia yalikuwa yanaingia kwa mara ya kwanza. Magari ya watu binafsi yakakatazwa, na kila mtazamaji akapakiwa basi.

Chizuru alikuwa mwongoza abiria wa basi mojawapo. Alivaa sketi na koti la buluu iliyoiva, kofia ndogo iliyoinama upande kama kikombe juu ya mwiko, glavu nyeupe pee, na filimbi ya fedha kifuani. Alikuwa nyuma ya basi akiliongoza kwa filimbi lirudi kinyumenyume kwenye nafasi yake, pi-pi, pi-pi, pi-pi, pale kijana mmoja mwenye ovaroli la rangi ya chungwa alipokatiza mbio katikati yake na basi.

Piiiiii! Basi likasimama kwa kishindo.

"Wewe kaka! Una haraka ya kufa? Mbio zenyewe hazijaanza!"

"Samahani, dada. Basi la wafanyakazi limeniacha. Mimi ni mpunga bendera, nawaonya madereva wa mbio. Nisipofika, kona yangu haina mtu."

"Na lilikuachaje?"

Kijana akainua boksi dogo. "Nilikuwa nanunua hivi."

Yalikuwa madonge ya mtama, yale matamu yanayouzwa pale stesheni. Chizuru alitaka kukasirika, akashindwa.

"Mgeni wewe. Kwetu tunasema anayekula donge la mtama lazima amfuate aliyempa."

"Kumbe! Basi chukua moja."

"Sili."

"Shika tu. Halikuumi."

Alilishika. Akalitia mfukoni kwa sababu abiria walikuwa wanatazama. Mchana, peke yake ndani ya basi tupu, alilitoa akalila, akalamba na unga uliobaki kwenye glavu.

Jina lake kijana lilikuwa Kazunari Hamasaki, mtoto wa pili wa watu wa Kobe, mtaa wa Nagata, ambako kwao walikuwa wanashona viatu. Alipewa kiti kidogo cha kukunja pale mbele, karibu na dereva. Safari ilikuwa ndefu, na kazi ya mwongoza abiria si kuonyesha milima tu. Watu wakisinzia, lawama ni yake. Chizuru akashika kipaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!" basi zima likaitika.

"Mgongo namwona, uso simwoni. Nikisema anakuja, nikinyamaza anasimama."

"Mke wangu!" akapaza mzee mmoja nyuma kabisa, na watu wakacheka hadi madirisha yakatoa ukungu.

"Kivuli," akasema Kazunari. "Hapana, ng'ombe. Ngoja... punda?"

"Punda wa wapi? Nipe mji."

"Nakupa Kobe. Na bandari yake, na nyama yake, na viatu vyote vya kwetu."

"Nimekwenda Kobe, nimekula nyama nimeshiba, nimevaa viatu vipya, waliosalia wote wanatembea pekupeku!" Abiria wakapiga makofi. "Jibu ni hili basi mlilopanda. Likirudi nyuma, dereva haoni kitu. Anasikiliza filimbi yangu tu. Fupi fupi, njoo, njoo. Ndefu, simama."

"Na ukinyamaza?"

Bwana Ogino, dereva, mtu mwenye maneno machache, ndiye aliyejibu. "Akinyamaza nasimama. Nitajuaje kama hajaanguka huko nyuma? Dereva anayerudi nyuma kwenye ukimya ni muuaji."

Kazunari aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Heri asingelishika somo lile vizuri hivyo.

Basi, mapenzi yakaanza, na yakaanzia kwenye simu. Kila Jumapili simu ya nyumbani ililia, na Chizuru aliirukia kabla nyanya yake, Bibi Tokie aliyemlea, hajanyanyua magoti.

"Ni nani huyo?"

"Ni wa kazini, Bibi."

"Wa kazini gani anayekuchekesha hivyo? Ogino hajawahi kumchekesha mtu."

Kazunari alipiga kutoka kwenye kibanda cha simu mbele ya kiwanda chao, kwa maana ndani kulikuwa na mama yake, kaka yake Masakatsu, na shemeji yake Fumie, na mashine za kushonea zinazonguruma.

"Chizuru wangu, unavaa saizi gani ya kiatu?"

"Ya nini?"

"Mtu wa Nagata akikuuliza saizi ya mguu, amekwisha kukuposa nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine nitaileta kwa miguu yangu. Mbio za Aida za mwakani, mwezi wa nne. Zikiisha tu navua ovaroli, navaa suti, naja kupiga magoti mbele ya Bibi Tokie. Jaribu kulisema: Chizuru Hamasaki."

"Sisemi!"

"Sema kidogo. Nong'ona."

Hakulisema kwenye simu. Alilisema bafuni, maji yakimwagika, mara nyingi. Lilikaa vizuri ulimini.

Januari ardhi ya Kobe ilitikisika alfajiri, watu wakiwa bado vitandani. Okayama vyombo viligongana kabatini, taa zikayumba, basi. Lakini televisheni ilipowashwa, Nagata ilikuwa moshi mtupu. Mtaa wa viatu, wenye mipira na gundi, uliwaka kama kibiriti.

Chizuru alipiga simu hadi kidole kikaota sugu. Njia zote zilikufa. Alipompata hatimaye, Kazunari alikuwa ameitwa kwenye simu ya foleni ya shule walimohifadhiwa, na nyuma yake mtu analia.

"Mimi mzima. Mama mzima. Kaka Masakatsu amekufa."

"Jamani, Kazunari. Pole. Poleni nyote."

"Ndiyo."

"Nije?"

"Barabara hakuna. Kuna watu nyuma yangu wanangoja simu, Chizuru."

Ikakatika.

Bibi Tokie alikuwa amekaa karibu, anamenya chungwa. "Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Nyumba iliyofiwa haipigiwi simu ya mapenzi. Mwaka mzima hawatumi hata salamu za mwaka mpya, wewe utawapelekea habari za posa? Watasema msichana wa Okayama hana haya, anaona maiti anauliza arusi. Nyamaza. Wakiwa tayari, wataanza wao."

Chizuru akanyamaza. Alituma rambirambi kama jirani yeyote, na wenyewe wakarudisha shukrani kama kwa jirani yeyote. Mbio za mwezi wa nne zikaahirishwa hadi Oktoba kwa ajili ya lile tetemeko. Akajiambia, ahadi imesogea tu, haikufa. Simu ilipolia Jumapili alikimbia, ikawa ni shangazi, ikawa ni muuza bima. Wasemao subira huvuta heri hawakusema inavuta kwa kamba ya urefu gani.

Oktoba ikafika. Chizuru alipiga pasi sketi yake mara mbili na kununua glavu mpya. Kwenye stesheni, safari hii watu walikuwa wachache. Mbele kabisa ya basi walikaa mama mmoja aliyevaa nyeusi, uso mwembamba mzuri, na binti yake mdogo mwenye viatu vyekundu vilivyoshonwa kwa mkono. Chizuru alivitazama vile viatu, akasifu mshono kimoyomoyo, akashika kipaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgongo namwona, uso simwoni..."

"Basi linalorudi nyuma!" yule mtoto akadakia kabla hajamaliza.

Watu wakacheka. Chizuru hakucheka. Kitendawili kile alikitunga yeye mwenyewe, na kukifikisha kwa mtoto mwenye viatu kama vile angeweza mtu mmoja tu.

"Hodari wewe. Nani alikufundisha?"

"Baba. Leo anapunga bendera, tunakwenda kumwona."

"Baba mdogo," mama yake akamsahihisha taratibu, macho chini.

"Bibi kasema mwakani niache kusema 'mdogo'."

Mama akamziba mdomo kwa kiganja, akamwinamia Chizuru kuomba radhi kwa kelele za mtoto. Chizuru naye akainama, kama kazi inavyotaka. Kisha akawaonyesha abiria milima iliyokuwa inaanza kugeuka rangi, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ila Bwana Ogino alimtazama kwenye kioo, na mlimani akaendesha polepole kuliko siku zote.

Mchana, mbio zikinguruma bondeni kama nyuki waliochokozwa, Kazunari alipanda hadi kwenye uwanja wa mabasi. Ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Amekonda, ovaroli lile la chungwa linamning'inia.

"Chizuru."

"Nimewabeba asubuhi. Shemeji yako na mtoto."

Alifumba macho. "Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Lini? Baada ya arusi?"

"Haijawa bado. Ni baada ya mwaka wa msiba wa kaka." Aliketi kwenye ngazi ya basi. "Shemeji Fumie hana kwao pa kurudi. Kiwanda kimebaki majivu, na yeye ndiye anayejua wanunuzi wote. Mama alilia, akasema viatu vya marehemu havitupwi kama vinamtosha mdogo wake. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema, nina mtu Okayama."

"Mtu gani? Ulinyamaza! Kila jioni nilisimama kwenye foleni ya simu ile nimeshika kadi mkononi. Nikasema, atapiga yeye, au atakuja. Hukupiga. Ulinifundisha wewe mwenyewe, wewe na Ogino wako. Filimbi ikinyamaza, dereva anasimama. Nikasimama."

"Mlikuwa na msiba. Nilikuwa nawaheshimu."

"Na mimi nilidhani umeogopa. Nani anataka mtu asiyekuwa na nyumba?"

"Mimi. Mimi nilikutaka hivyo hivyo, mpumbavu wewe." Machozi yakamjia, akayafuta upesi kwa glavu mpya. "Na tena, Kazunari, basi halina mdomo. Wewe ulikuwa nao. Na kadi ya simu ulikuwa nayo mkononi."

Kule chini gari moja lilipasua sauti likapita. Kazunari akainuka, akamshika mkono, akamsogezea uso karibu.

"Bado hatujachelewa. Sema neno moja tu. Ipulize ile filimbi yako. Sema njoo, na leo hii nitamwambia Mama hapana, nitamwambia Fumie hapana. Niite, mpenzi, nije."

Chizuru alimtazama sana. Neno lilikuwa pale mdomoni, tamu kama lile donge la mtama. Halafu akaliona jambo lenyewe lilivyo: miezi tisa mtu huyu alisimama akingoja kuitwa, na hata leo, mama yake kamwita huku, yeye amwite huku, na atakwenda kwa mwenye sauti kubwa. Na mbele ya yule mtoto mwenye viatu vyekundu, siku zote atasema: ni Chizuru aliyeniita.

"Unataka niite mimi," alisema, "ili kosa liwe langu."

"Si hivyo."

"Ungekuwa unakuja, ungekuwa umekwisha kuja." Akautoa mkono wake polepole. "Na lile donge, nililila mimi. Wewe hukula. Labda ndiyo maana."

Kazunari alicheka kile kicheko kinachotoka pamoja na kilio. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kitendawili," alisema.

Chizuru akayatazama magari yakipita tena kule chini. "Tega."

"Ni changu, lakini wenzangu wanakitumia kuliko mimi."

Mtoto wa chekechea anakijua. Ni jina. Ni lile lile la Hamasaki alilolisema bafuni maji yakimwagika, na asubuhi lilikuwa limekaa kiti cha mbele, limevaa nyeusi, limekwisha kuwa la mtu mwingine tangu zamani. Angelitamka tu, wote wawili wasingeweza kuondoka mahali pale.

"Sijui," alisema Chizuru.

"Unajua."

"Sijui. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Kobe. Ulinipa wewe. Rudi nao."

Alasiri mbio ziliisha. Mashindano yale hayakurudi tena Aida, na siku hizi ukiwatajia vijana wanakuuliza ni wapi. Abiria walipanda wamechoka. Mama mwenye nyeusi na binti yake hawakupanda. Wangerudi na watu wa bendera. Ili kutoka, basi lilipaswa kurudi nyuma, na nyuma kabisa, kando ya uzio, Kazunari alikuwa amesimama na bendera yake imeviringishwa kwapani.

Chizuru alikwenda nyuma ya basi, akampa mgongo, akapuliza. Pi-pi, pi-pi, pi-pi. Basi likamjia taratibu. Piiiiii. Likasimama.

Kisha akapanda, akavua kofia, akaivaa tena sawasawa, akashika kipaza sauti. Kazunari alikuwa upande wa kushoto, mkono juu.

"Mabibi na mabwana," alisema akitabasamu, "mkono wenu wa kulia mnaona mipersimoni, ile miti ya matunda ya rangi ya chungwa, imeiva. Tazameni jinsi ilivyozaa mwaka huu. Tazameni vizuri."

Vichwa vyote vikageuka kulia, na cha kwake kikatangulia.