Upatu wa Mwajabu na Salamu za Bibi

Kaeni vizuri. Aliyekalia mguu wa mwenzake auachie, ajisogeze. Haya, tunaanza.

Mwajabu ana miaka sita. Anakaa Lindi, mji ulio kando ya bahari. Anakaa na bibi yake, Bi Somoe.

Jumamosi moja, bendi ya Mjomba Shaweji ilikuwa inapiga muziki kwenye bustani ya ufukweni. Mji mzima ulikuwa unakwenda kusikiliza.

Mjomba Shaweji hupuliza zumari. Akipuliza, mashavu yake yanafura kama maandazi mawili. Usicheke, ni kazi ngumu.

Na siku hiyo, Mwajabu angepiga upatu.

Upatu ni sahani kubwa ya shaba. Ukiigonga kwa kijiti, inalia: Ngwaaa.

"Sikiliza," Mjomba alimwambia. "Wimbo wa kwanza ukifika mwisho, nitainua zumari juu. Hapo hapo, gonga. Mara moja tu."

"Na nikichelewa?"

"Ukichelewa, wimbo umekwisha."

Mwajabu hakutaka kuchelewa. Wiki nzima alifanya mazoezi kwa mfuniko wa sufuria. Aligonga asubuhi. Aligonga mchana. Paka akahamia kwa jirani.

Jumamosi jioni ikafika. Bibi alivaa kanga mpya. Mwajabu alivaa gauni lenye mfuko, na kijiti kikakaa mfukoni.

Kutoka nyumbani hadi bustanini ni hatua mia mbili. Mwajabu amezihesabu.

Ukienda na Bibi, ni hatua mia mbili na salamu mia tatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Sijali, anayekaanga mihogo mlangoni kwake. Mafuta yalikuwa yanasema chwaa, chwaa.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na kuku? Na lile bati linalovuja?"

"Kamoo," alisema Mwajabu mbio mbio.

Mama Sijali akashika kiuno. "Mbona nimesikia mkia tu? Kichwa cha salamu kiko wapi?"

"Kimetangulia bustanini," alisema Bibi.

Wakacheka wote wawili. Mwajabu hakucheka. Alivuta kanga ya Bibi.

"Bibi, twende. Upatu wangu."

"Twende, twende. Kwani nimesimama?"

Kumbe amesimama. Kabisa. Kama nguzo.

Wakaenda. Hatua kumi. Hatua ishirini.

Wa pili alikuwa Fundi Mkwinda, anayetengeneza baiskeli. Alikuwa anajaza upepo tairi: fyuu, fyuu.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, Fundi. Hujambo? Habari za nyumbani? Mama hajambo? Na goti lako? Na ile baiskeli isiyotaka kupona?"

Fundi akaanza kueleza habari za goti. Halafu akaeleza habari za baiskeli. Baiskeli ilikuwa na habari nyingi kuliko goti.

"Kamoo," alisema Mwajabu mbio mbio.

"Huyu mtoto ana haraka," alisema Fundi. "Anafukuzwa na nani?"

"Na upatu," alisema Bibi.

Mwajabu akavuta kanga kwa mikono miwili.

"Bibi, twende. Upatu wangu."

"Twende, twende. Kwani nimesimama?"

Kumbe amesimama. Tena safari hii ameegemea baiskeli.

Wakaenda. Hatua thelathini. Hatua hamsini. Sasa bahari ilionekana. Ilikuwa inasema shaa, shaa.

Ufukweni palikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa Mwalimu Nampoto. Kila jioni Mwalimu Nampoto hutembea mchangani peke yake, viatu mkononi. Anapenda sana kutembea peke yake.

Bibi akamwona.

Basi, Mwalimu hakuwa peke yake tena.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, Mwalimu. Hujambo? Habari za nyumbani? Na shule? Na ile kofia iliyopeperushwa na upepo?"

Kofia haikurudi. Hilo nalo likaelezwa taratibu, tangu upepo ulipoanza.

Mara Mwajabu akasikia kitu.

Dum, dum, tiri-tiri, dum.

Ngoma. Wimbo wa kwanza umeanza.

Moyo wa Mwajabu nao ukaanza kupiga: dum, dum. Hakuvuta kanga tena. Alisimama tu, akashika kijiti mfukoni.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "nitachelewa."

Bibi akamtazama. Safari hii hakuuliza kama amesimama.

"Tangulia," alisema. "Bustani ile pale. Ninakuona. Kimbia, mjukuu wangu."

Mwajabu akakimbia. Pa, pa, pa, pa. Mchanga ukaruka nyuma yake.

Akafika bustanini. Lakini hakuona bendi. Hakuona zumari. Hakuona upatu.

Aliona miguu.

Miguu ya suruali. Miguu ya kanga. Na mguu mmoja wenye soksi iliyotoboka.

Watu walikuwa wamejaa, na wote wamempa mgongo.

Mwajabu akasukuma. Miguu haikusogea.

Akasukuma tena. Suruali ikasema, "Nani huyo anasukuma?" Lakini haikusogea.

Dum, dum, tiri-tiri, dum. Wimbo ulikuwa unakimbilia mwisho.

Mwajabu akaogopa sana. Wiki nzima amegonga mfuniko. Paka amehama. Na sasa upatu uko pale mbele, na yeye yuko huku nyuma, kwenye miguu.

Angefanya nini? Bibi angefanya nini?

Ah. Hilo ni rahisi. Kila mtu Lindi anajua Bibi angefanya nini.

Mwajabu akavuta pumzi. Akaitoa salamu yote, kichwa na mkia.

"Shikamoo."

Suruali ikageuka. Juu yake kulikuwa na uso, na uso ulitabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe uko huko chini? Pita."

Mwajabu akapita.

"Shikamoo," aliiambia kanga.

Kanga ikageuka. "Marahaba. Hujambo? Bibi yako hajambo?"

"Hajambo. Anakuja. Anasalimia."

"Tunamjua," alisema mama mwenye kanga. "Pita, atafika kesho."

Mwajabu akapita.

Ikabaki soksi iliyotoboka.

"Shikamoo, mzee. Soksi yako haijambo?"

Mzee akatazama chini. Akakiona kidole chake kikubwa kimetoka nje, kinasikiliza muziki.

"Marahaba," alisema huku anacheka. "Haijambo, ila ina dirisha. Pita, mjukuu wangu, pita."

Mwajabu akapita.

Na hapo akaiona bendi.

Mjomba Shaweji alikuwa amefura mashavu. Macho yake yalikuwa yanatafuta huku na huku. Alikuwa amepuliza ule mwisho wa wimbo mara moja. Akaupuliza mara ya pili. Sasa alikuwa anaupuliza mara ya tatu, na maandazi yalikaribia kupasuka.

Akamwona Mwajabu.

Mwajabu akakimbilia kwenye upatu. Akachomoa kijiti mfukoni.

Mjomba akainua zumari juu.

Mwajabu akagonga. Mara moja tu.

Ngwaaaaaaa.

Sauti ikapita juu ya suruali na kanga. Ikapita juu ya soksi yenye dirisha. Ikaenda mpaka baharini. Watu wote wakapiga makofi, na Mwajabu akafurahi mpaka masikio yakawa ya moto.

"Ulikuwa wapi?" Mjomba aliuliza. Alikuwa anahema.

"Nilikuwa nasalimia," alisema Mwajabu.

"Umefanana na bibi yako," alisema Mjomba, akakaa chini kupoza mashavu.

Na Bibi je?

Bibi alifika wimbo wa tano. Alikuja na Mama Sijali na mihogo yake ya moto. Alikuja na Fundi Mkwinda na goti lake. Alikuja na Mwalimu Nampoto, aliyekuwa anatembea peke yake.

"Bibi, hukuona nikigonga," alisema Mwajabu, na sauti yake ikashuka kidogo.

"Sikuona," alisema Bibi. "Lakini nilisikia. Nilikuwa katikati ya salamu."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza."

Mwajabu akamtazama Mama Sijali. Akamtazama Fundi. Akamtazama Mwalimu.

"Kweli," walisema wote. "Alinyamaza. Katikati ya salamu."

Haijawahi kutokea Lindi. Mwajabu akacheka, akamkumbatia Bibi kiunoni. Wakala mihogo, wakasikiliza muziki mpaka jua likazama.

Wakarudi nyumbani. Hatua mia mbili. Salamu sijui ngapi. Safari hii Mwajabu alisalimia kila mtu, kichwa na mkia.

Ukafika wakati wa kulala. Paka alikuwa amerudi. Bibi alisimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya taa.

"Mto, hujambo?" alisema Mwajabu. "Na pamba zako hazijambo? Chandarua, hujambo? Na lile tundu lako? Paka, hujambo? Habari za kwa jirani?"

"Mwajabu, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Lala."

"Ninalala, Bibi. Kwani nimesimama?"

Kumbe amesimama. Juu ya kitanda. Wima. Na kijiti mkononi.

Bibi akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Akaja, akakaa kitandani, akaushika mkono wa Mwajabu.

"Na mkono uliogonga upatu," aliuliza, "haujambo?"

"Haujambo, Bibi. Umechoka."

"Basi ulaze."

Mwajabu akaulaza. Na yeye akalala pembeni yake.

Taa ikazimwa. Bahari ikasema shaa, shaa.

Na wewe unayesikiliza? Kwani umesimama?