Nilimzika Mama Ayalandi Akiwa Hai Kaloleni

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu katika nyumba ile ile ya Kaloleni nilimozaliwa. Niliyoyafanya mwaka wa 1994 ninayatoa mbele yenu leo, ndugu wasomaji...

Wakati huo nilikuwa nikiimba katika kwaya ya vijana. Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Wambui wa mtaa jirani wa Ziwani, kiongozi wa kwaya yetu. Ulimi wake ulikuwa mtamu, na Kiingereza kilimtiririka kama maji. Padre mmoja mzee, aliyewahi kuhudumu kwetu kabla ya kurudi kwao Ayalandi, alitualika watu sita tukaimbe katika sikukuu ya Mtakatifu Patriki, ambayo kwao ni kubwa kama Krismasi yetu.

Mama alifurahi kupita kiasi! Ni mjane, na alinilea kwa kuwauzia watu wa viwandani chapati na maharagwe. Aliichukua pasipoti yangu akaizungusha nyumba hadi nyumba, majirani waione. Siku ya safari alivaa kitenge chake cha kanisani, akanisindikiza hadi uwanja wa ndege, akasimama pale mpaka nikampotea machoni.

Huko baridi ilikuwa ya kupenya mifupa, lakini watu walikuwa wachangamfu. Mimi na Wambui tulilala kwa mjane mmoja mpole aitwaye Nora. Sikukuu ilipofika tuliandamana barabarani nyuma ya bendi na matrekta yaliyofungwa utepe wa kijani, kila mtu amebandika majani mabichi kifuani. Tuliimba nyimbo za kwetu, nao wakatupigia makofi hadi mikono ikawawia mizito. Nilijiona niko mbinguni...

Jioni kulikuwa na karamu ukumbini, yule padre mzee akiwa ameshakwenda kulala. Wambui akasimama kutoa shukrani. Alisema sisi sote ni mayatima, na kwamba alituokota mmoja mmoja kwenye jaa la taka akatulea mwenyewe. Nilidhani sikusikia vizuri. Kisha akaninyooshea kidole, akasema mama yake huyu Rosa alikufa mwaka jana.

Ukumbi mzima ulinigeukia. Nora alikuwa tayari anafuta machozi. Ningeweza kusema, mama yangu yu hai. Maneno manne tu! Niliinamisha kichwa.

Baadaye nilimbana Wambui chooni. Hakuona haya, aliendelea kujipaka rangi ya mdomo.

"Mtu mwenye mama nani atamhurumia?" aliniuliza. "Nyamaza tu. Mamako atajuaje?"

Nikanyamaza. Kama ningeishia hapo, pengine leo ningesema nilidanganywa. Lakini wiki iliyofuata Nora alitupeleka kanisa jingine, nikaombwa nisimulie mwenyewe... nami nikasimulia! Nilisema mama alinifia mikononi akiomba maji. Nilitaja majina yake yote matatu. Nililia machozi ya kweli, na uchafu wenyewe ni huu: nilikuwa nikifurahia. Wanawake walinikumbatia, wakanivika koti la sufu, wakanipakulia nyama kuliko wenzangu. Niliila yote. Je, ni binadamu gani anayekula matanga ya mama yake aliye hai?

Siku ya kurudi, Wambui hakutokea uwanja wa ndege. Nora ndiye aliyetueleza, tena kwa fahari, kwamba familia moja imejitolea kumsomesha uuguzi kwa sababu ya moyo wake wa kulea mayatima. Kumbe alilijua jambo hilo siku nyingi! Hakuniambia neno, wala hakuniaga. Alinifanya ngazi, nami nilikuwa nimesimama imara ili apande.

Nilirudi Kaloleni nikampa mama lile koti. Alilivaa kanisani akitembea polepole ili watu walione. Mimi nilitazama chini. Nilijiambia siri imebaki ng'ambo.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi moja, katekista alibisha hodi akiwa na bahasha. Nora na wenzake walikuwa wamemwombea mama misa ya wafu, wakamchapishia kadi ya kumbukumbu yenye msalaba na majina yake yote, wakaituma kanisani nipewe. Katekista, maskini, alidhani wamekosea mtu. Akamfasiria mama neno kwa neno, naye mama amekaa na unga mikononi.

Mama hakupiga kelele. Alijifuta mikono, akaishika kadi.

"Nilikufa na ugonjwa gani?" aliuliza.

Nilipiga magoti. Nililia, nikamtaja Wambui, nikamtupia lawama zote. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Wambui hajui jina langu la kuzaliwa," alisema. "Hilo umelitoa wewe."

Akarudi kusukuma chapati zake.

Dada zangu, kaka zangu, mkikaribishwa mbali na kwenu, msikubali huruma msiyostahili, hata ije na koti la joto na sahani iliyojaa. Msiseme ni rafiki aliyenipoteza. Rafiki huufungua mlango tu, miguu inayoingia ni yako. Wambui namchukia, sitaficha. Lakini ninayemwonea kinyaa ni yule msichana aliyesimama kanisani akimwua mama yake ili apigwe mabusu na wageni.

Mama hakunifukuza. Hunipakulia chakula, na nikiugua hukesha nami. Ila mimi nimerithi jina la mama yake mzazi, na kwa desturi ya watu wetu wa magharibi mwa nchi, tangu utotoni alikuwa akiniita "mama". Tangu siku ile ya kadi hajaniita hivyo tena. Nimemwomba radhi mara nyingi, naye kila mara hunijibu kwa upole, bila kinyongo:

"Nimekusamehe, Rosa."