Chupa ya Kaipel

Sogeeni, wajukuu zangu, mnitegulie hiki kabla viazi havijaiva. Nina askari wangu, namla kila jioni, naye ananilinda usiku kucha. Siku nikiacha kumla, adui aliyelala ndani yangu anaamka. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Basi mji wenu nimeuchukua, na kuku wake wote. Ni kidonge cha virusi vya UKIMWI, kile anachotoa bure Sista Agata pale zahanati. Na huyu Kaipel, ninayetaka kuwasimulia habari zake, askari wake walibadilishwa asijue.

Alikutwa asubuhi amekufa mkekani. Mwaka uliotangulia alikuwa mtu wa kubeba nguruwe begani peke yake. Siku hiyo mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka mlangoni.

Inspekta Wamil alifika alasiri, mawingu meusi yameukalia mlima. Alikuja na Konstebo Gima, kijana wa pwani anayetetemeka kwa baridi, na Sista Agata wa zahanati. Nyuma yao mto ulifurika na gari la msaada likakwama ng'ambo.

Wanawake waliojipaka tope la msiba walikuwa wakilia. Klara, mke wa marehemu, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi la nguruwe. Hatua chache kutoka kwake palikuwa na moto, na juu ya makaa limelazwa panga.

"Umechelewa, Inspekta," alisema Tolnga, kaka mkubwa wa marehemu. Ndiye mzee wa kanisa, ndiye mwenye duka pekee kijijini. "Ni sumu. Kila jioni huyu mwanamke alimpa mumewe kitu cheupe pamoja na kiazi."

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Na panga lile ni la nini?"

"Vijana wanataka akiri. Siwezi kuwazuia."

"Huwezi, au hutaki?"

Tolnga akatema mate mekundu ya popoo aliyokuwa akitafuna, karibu na viatu vya Inspekta.

"Afande," Gima alinong'ona, "sisi wawili, wao ukoo mzima."

Wamil alikwenda akachuchumaa mbele ya Klara.

"Dada, hicho kitu cheupe ni nini?"

"Dawa yake. Ya virusi." Sauti ilimkauka. "Alianza kuimeza kabla hatujazaa. Mimi nimepimwa, sina. Mtoto hana. Alikuwa mzima!"

"Iko wapi?"

Aliuelekezea kidevu mfuko wake wa kusuka. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kilichosokotwa, na ndani ya gazeti vidonge vyeupe. Sista Agata akakigeuza kimoja kiganjani, akakisogeza karibu na macho.

"Hivi si vyangu," alisema. "Vyangu vina herufi ubavuni. Hivi ni vya kichwa, vinauzwa dukani."

Klara akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Kwa nini viko kwenye gazeti?" aliuliza Wamil.

"Majirani wangeiona chupa, wangejua. Chupa ilitunzwa mahali penye kufuli. Kila Jumapili mume wangu alikuwa anapewa vya wiki, vimesokotwa hivi hivi."

"Mama yangu!" Sista akashika kichwa. "Si niliwaambia dawa isitoke kwenye chupa yake? Majibu ya damu yake yalipoharibika nilimgombeza, nikasema hamezi. Akaapa kwamba anameza, saa ile ile kila siku. Nikamwona mwongo, jamani!"

"Klara, nani alikuwa anatunza chupa?"

Klara akayatazama makaa.

"Dada, panga linakolea moto. Nani?"

Klara alikaza macho ng'ambo ya uwanja. Mke wa Tolnga alikuwa amekaa pale, amempakata mtoto wa Klara, anambembeleza. Kisha Klara akainamisha uso.

Gima alimvuta bosi wake kando. "Afande, huyu anaficha. Kwetu pwani asiye na kosa anasema."

"Kwenu pwani mnawataja mashemeji majina?"

"Tunawataja, na matusi tunaongeza!"

"Huku hawatajwi. Mama yangu alimwona shemeji yake anakaribia kumkanyaga nyoka. Akapiga makofi mpaka viganja vikavimba. Kumwita jina, thubutu! Na shemeji ambaye ukoo wake umempakata mwanao, utamsemea wapi?"

Alirudi kwa Klara, akauliza kwa upole kama mtu anayepiga soga, "Jana walikuja nani kumwangalia mgonjwa?"

"Mama Kopun. Dop na mkewe. Wai wa mashine ya kahawa. Na… mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Mwingine tu, baba."

Wamil akasimama. Mtu asiye na jina, na mahali penye kufuli. Kijiji kizima kilikuwa na kufuli moja tu.

"Mzee Tolnga," aliita, "twende dukani kwako. Sista, njoo. Gima, kaa na mama. Mtu akiligusa panga, piga risasi hewani."

Duka lilikuwa na giza, linanuka sabuni na samaki wa kopo. Wamil alipekua kimya. Nyuma ya katoni za sabuni aliikuta chupa yenye jina la Kaipel, na kando yake pakiti tupu za vidonge vya kichwa. Akavitia vyote kwenye mfuko wa vielelezo.

"Vinakwenda kwa mkemia," alisema. "Na mwili unakwenda hospitali, kwenye uchunguzi."

"Kumtunzia mdogo wangu dawa ni kosa?"

"Vidonge vyake vilikwenda wapi?"

"Labda aliviuza."

Sista akacheka bila furaha. "Amuuzie nani, mzee wangu? Mimi natoa bure, tena nawabembeleza watu wachukue!"

"Cha bure hakiibiwi kikauzwe," alisema Wamil. "Kinaibiwa kikaliwe. Humu vimebaki vichache, na maiti hapewi chupa nyingine. Vikiisha, Mzee Tolnga, wewe utakula nini?"

Tolnga aliegemea rafu. Makopo yakaanguka, moja baada ya jingine, naye hakuinama kuyaokota.

"Nilipima Lae," alisema mwishowe, "mjini, nisikojulikana. Mzee wa kanisa nikakae kwenye benchi la Sista, kila apitaye ananiona?"

"Ningekuletea mwenyewe," Sista alisema, machozi yakimtoka. "Chupa yako ipo pale. Imekuwepo siku zote."

"Ulimwona mdogo wako anakwisha," alisema Wamil. "Kwa nini usimwachie hata nusu?"

Tolnga akainama sasa, akaanza kuyaokota makopo.

Risasi ililia nje. Halafu Klara akapiga yowe.

"Nisikilize," Wamil alimshika bega. "Sheria hainiruhusu kutangaza majibu ya damu ya mtu. Na risasi zangu ni chache kuliko watu wako. Mdomo wako ndio utakaomfungua yule mwanamke. Ukinyamaza, utakuwa umeua wawili."

Tolnga alitoka mbio. Kijana mmoja alikuwa ameshalinyanyua panga, ncha yake nyekundu, na Gima amesimama katikati, bunduki mkononi. Tolnga alimkamata yule kijana mkono.

"Weka chini! Ni mimi!"

"Baba mkubwa, ondoka, tuachie—"

"Nimesema ni mimi! Nina ugonjwa wa Kaipel. Nilimlia dawa yake, nikamsokotea vya kichwa. Huyu mwanamke alimpa mumewe alichopewa na mimi!"

Panga likaanguka kwenye majani mabichi, likafuka moshi.

Gima alizikata kamba, kisha akamfunga Tolnga pingu. Wamil alimsomea: anakamatwa kwa tuhuma ya mauaji. Klara alivuka uwanja, akamchukua mwanawe mikononi mwa mke wa Tolnga, hakuzuiwa. Akaja akasimama mbele ya yule mfungwa, karibu kabisa.

"Tolnga," alimwita.

Wanawake waliziba midomo. Tolnga mwenyewe alishtuka kuliko alivyoshtushwa na pingu.

"Tolnga, hata nusu? Kwa nini hukumwachia hata nusu?"

Tolnga alimtazama mtoto.

"Sista alikuja kutufundisha kanisani," alisema. "Mimi ndiye niliyemwalika. Alisema chupa moja haitoshi watu wawili. Mkigawana nusu kwa nusu, dawa inashindwa, mnakufa wote. Nilimsikiliza vizuri sana, Klara. Nikachagua."