Kisanduku Kilichowekwa Chini

Itangazwe kuanzia Magogoni hadi Ilala: mwezi Machi 1996, Jiji la Dar es Salaam lilitikiswa na wizi mkubwa kuliko wote tangu milango ya soko huria ifunguliwe. Msimulizi anaapa kwamba hana undugu na mshukiwa yeyote.

Kilichoibwa kilikuwa na ukubwa wa mkate.

Inspekta Hyasinta alikikuta chumba kama kilivyoachwa: meza kubwa, reli ndogo za treni za kuchezea zilizozunguka juu yake, kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, na nyaya mbili zinazoning'inia. Mwenye nyumba, Mzee Chandu, fundi redio mstaafu wa Kisutu, alikuwa amewaka hasira.

"Kidhibiti cha dijitali, Inspekta! Kimetumika Ujerumani, nimekinunua Kariakoo juzi. Kila kichwa cha treni kina namba yake. Unabonyeza namba, hicho peke yake kinatembea. Bila kidhibiti, meza hii ni kaburi!"

"Kiliibwa saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Nilikuwa nimelala."

"Kengele ya mlango wa mbele, kule chini, ililia mara tatu," mkewe, Mama Shobhana, aliongeza. "Nikashuka mara tatu. Hakuna mtu! Na mlango wa nyuma, wa ngazi za uani, ulikuwa wazi, kwa joto hili."

Hyasinta aliinama. Juu ya sakafu nyekundu palikuwa na nyayo za miguu mitupu, pana, za mtu mzima. Nje ya mlango wa nyuma, kwenye vumbi, palikuwa na alama za viatu viwili vilivyopangwa sambamba.

"Alivua viatu," alisema. "Mzee Chandu, umeibiwa na mtu mwenye adabu."

Kutoka hapo alikwenda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa Awadhi, muuza vifaa vya umeme vilivyotumika aliyemuuzia Chandu kidhibiti.

"Kisanduku cha treni? Kilikuja na kontena. Nikakichomeka, taa ikawaka. Kikishatoka dukani si changu."

"Nani mwingine alikitaka?"

"Afande, wateja ni wengi."

"Awadhi!"

Muuzaji akashusha sauti. "Kuna mzee alikishika nusu saa nzima. Hapa sheria ni moja: bidhaa ikiwa mkononi mwa mtu, mwingine haulizi bei. Akaingia Mzee Chandu. Yule mzee akakiweka chini ili amsalimie vizuri. Kuja kuangalia, kisanduku kiko mkononi mwa Chandu."

"Jina lake?"

"Simjui. Alikuwa amevaa koti la wafanyakazi wa reli."

Hyasinta alitazama rafuni. Kilibaki kichwa kimoja cha treni kutoka kontena lile lile. Mwenye kidhibiti bila kichwa anamiliki taa nyekundu tu. Lazima angerudi.

Alijibanza nyuma ya majokofu siku mbili. Siku ya tatu koti la reli likaingia. Mzee akakichukua kichwa cha treni, akakilipia papo hapo. Hyasinta akajitokeza, akapiga goti kidogo na kunyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alimpa mkono mmoja. Wa pili ulikikumbatia kichwa cha treni kifuani.

"Mkono mmoja tu, baba?"

Mzee akaziona pingu kiunoni mwa Inspekta. Akacheka.

"Mara ya mwisho nilitoa miwili."

Kituoni, mzee yule, Mrisho kwa jina, hakuomba kiti wala msamaha. Wala hakukiachia kichwa cha treni. Kidhibiti kilikutwa kwake Ilala, kimefunikwa kanga.

"Kwa nini uliiba?"

"Miaka thelathini na moja nimeendesha treni, Dar mpaka Kigoma. Wakanipa barua ya kupunguzwa kazi na saa ya ukutani. Siku ile nikashika kitu ambacho ukikibonyeza, treni inakutii. Nimekirudisha mkononi kilichokuwa mkononi. Andika hivyo."

"Nitaandika wizi."

"Andika. Ningekwenda tena kesho."

"Nani alipiga kengele?"

"Mimi."

"Huku uko mlango wa nyuma?"

"Nina mikono mirefu."

Kwenye maelezo, Hyasinta aliuacha wazi mstari wa mpiga kengele. Ndipo Mzee Chandu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipoingia, akamtazama Mrisho, kisha sakafu.

"Ni kweli," alisema. "Alinipa mikono miwili. Mimi nilimpa mmoja. Wa kushoto ulikuwa tayari kwenye kisanduku. Kesi naifuta. Na aje kuendesha, treni zangu zinapinduka kila kona."

"Sitaomba ruhusa," alisema Mrisho.

"Hujaombwa kuomba."

Chandu akanyoosha mikono miwili. Mrisho aliitazama. Kisha akamkabidhi Hyasinta kichwa cha treni.

"Shika wewe, afande. Usikiweke chini."

Ulibaki ule mstari mtupu. Msimulizi analazimika kuujaza leo, maana Inspekta amepiga hodi Ilala na sasa anasoma karatasi hizi akichungulia nyuma ya bega langu. Mrisho ni babu yangu. Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni. Kengele nilipiga mimi, mara tatu. Mbili zilitosha kwa kazi. Ya tatu ilikuwa ya raha zangu.