Zamzam ya Fundi Rangi

Kionjamaji kilikuwa kimefika chupa ya sita. Kilibana mdomo wake mwembamba kwenye kizibo, kikanusa bila kufungua, kikawasha taa ya kijani. Tangu mvua ziadimike, kila nyumba ya Tanga iligawiwa maji ya chupa ya akiba, na Shemdoe alizunguka na mashine hiyo stoo hadi stoo. Maji yenyewe hayaozi, alizoea kuwaeleza watu. Plastiki ndiyo inayochoka. Joto huilegeza, na harufu kali huipenya taratibu hata kama kizibo kimekazwa.

Kilichofuata kilikuwa kidumu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe. Taa ikawa nyekundu. Sindano ya kutobolea ikachomoza, kwani maji ya taa nyekundu humwagwa papo hapo.

"Hicho kiache, mwanangu," alisema Bi Mwanamvua, mwenye nyumba. "Ni zamzam. Marehemu mume wangu aliileta kutoka Makka. Nimeiweka kwa siku yangu ya mwisho, nitiwe matone mdomoni."

Shemdoe akaizima sindano. Kwenye rafu, pembeni ya kidumu, palikuwa na brashi, makopo ya rangi na debe la tina ya kuyeyushia rangi.

"Bibi, nani aliyeiweka karibu na tina?"

"Mimi. Alikuwa fundi rangi. Vitu vyake nimeviweka pamoja. Ulitaka nimtawanye?"

"Mvuke wa tina umeingia ndani. Ni sumu, bibi."

"Kumbe nitafika huko nanukia kama mlango mpya." Akacheka. "Na yeye alinukia hivyo hivyo. Hata akioga."

Shemdoe hakuwa na haraka. Alimweleza kwamba karakana yao ina chujio la mkaa; maji hupita humo tone kwa tone, mkaa ukashika mvuke, maji yakabaki.

"Harufu inatoka yote?"

"Yote."

Bi Mwanamvua akakichukua kidumu rafuni. Shemdoe akalibeba debe la tina, akalipeleka uani, mbali na maji. Aliporudi alimkuta ameketi, kidumu mapajani. Alikuwa amekifungua; akainama, akavuta pumzi moja ndefu, akakaza kizibo.

"Kalilete hilo chujio kesho," alisema. "Ila usije mapema sana."