Uwanja Usio na Nyayo

Jioni ya Ijumaa nilisukuma toroli kulirudisha kanisani. Nililiazima kubebea mbolea. Sisi wastaafu wa kanisa letu, hapa Mhunze, hukutana kila Jumamosi kulitunza: tunapaka chokaa, tunaziba mabati yanayovuja, tunafyeka majani. Ujana tuliipa serikali, uzee tunampa Mungu.

Jua lilikuwa limeshazama. Nilipofika langoni nikasikia.

Swaa... swaa... swaa...

Ufagio. Nyuma ya kanisa.

Nikapiga hodi. Ukanyamaza. Nikazunguka ukuta, na harufu ikanipokea: moshi wa mavi ya ng'ombe na miti ya pamba. Uwanja wote ulikuwa umefagiwa, mistari imelaliana kama magamba ya samaki. Mtu hakuwepo. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mfagiaji wa namna ile tulikuwa tumeshamzika.

Mbuke, mstaafu wa kiwanda cha pamba, rafiki yangu, alifagia kinyumenyume. Alianzia ukutani akirudi nyuma hadi langoni, ufagio ukifuta nyayo zake mwenyewe. Alisema nyumba ya Mungu haifai kuachiwa alama za miguu yetu michafu. Alikuja alfajiri, akamaliza kabla hatujafika. Hilo ndilo kosa lake. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Edson, mtu aliyefundisha sayansi maisha yake yote, aliutazama uwanja akauliza ni binadamu gani anayefagia bila kukanyaga chini. Kisha akayataja macho ya Mbuke. Mekundu, ndiyo. Nani amepikia mavi ya ng'ombe tangu usichana akabaki na macho meupe?

Niliwaeleza wote jinsi Mbuke anavyofagia. Wakaitikia kwa vichwa, na neno la uchawi likaendelea kutembea. Mbuke alikatwa mapanga jikoni kwake, akisonga ugali. Aliyekamatwa hakuna. Edson ndiye aliyeongoza wimbo makaburini, na sauti yake haikutetemeka.

Sijamsamehe. Sitamsamehe.

Ko... ko... ko...

Ilikuwa fimbo ya Edson, ile yenye chuma nchani. Alisimama kwenye kona ya kanisa, akautazama uwanja, kisha akanitazama mimi.

"Mama Wema," akanong'ona. "Umefagia wewe?"

"Nimeleta toroli tu. Ufagio nimeusikia, kama ulivyousikia wewe."

"Mimi sijasikia kitu." Akanisogelea, akaniinamia usoni. "Mayu, mama, macho yako yameanza lini kuwa mekundu?"

Nilikuwa nimemlilia Mbuke tangu tumzike. Na jikoni kwangu kuna moshi uleule ulioko kwa kila mtu. Niliacha toroli nikaondoka. Nilijua swali hilo linaishia wapi.

Kesho yake, kwenye kazi ya kanisa, dumu la uji nililowapelekea wenzangu halikuguswa. Selestine, ambaye wanawe wote niliwapokea kwa mikono hii nilipokuwa nesi, alichukua jembe lake akaenda kulima mbali nami. Jumapili, wakati wa kutakiana amani, mkono wangu ulibaki hewani. Nilimpigia simu binti yangu Wema, yuko Buseresere, akalia, akanisihi niondoke. Tukakubaliana nipande basi la kwanza Jumatatu.

Giza la Jumapili lilipoingia tu, nilitia komeo mlangoni nikazima taa.

Ko... ko... ko...

Ilitoka barabarani. Nyuma yake vishindo vya mabuti, watu kadhaa, hawasemi. Lango la ua likalia. Nikashika panga la kufyekea, nikashindwa hata kuliinua. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Wakafika katikati ya uwanja. Wakaja karibu zaidi... Mtu alikuwa akihema nje ya mlango wangu.

Kisha moshi ukapenya chini ya mlango. Mavi ya ng'ombe. Miti ya pamba.

Swaa... swaa... swaa...

Ulianzia ukutani kwangu, taratibu, ukirudi nyuma. Fimbo iligonga chini mara moja, kwa haraka. Hakuna aliyepiga kelele, na kimya hicho ndicho kinachonitesa mpaka sasa. Ufagio ulikwenda hadi langoni, ukaishia hapo.

"Mbuke," nikanong'ona. "Ni wewe?"

Nilikaa nyuma ya mlango, panga mapajani.

Kulipopambazuka nilifungua mlango. Mistari ya magamba ya samaki ilienea kutoka kizingitini hadi langoni. Fimbo ya Edson ilikuwa imelala katikati, peke yake. Hapakuwa na damu, wala unyayo wa aliyeingia, wala wa aliyetoka. Nilimlilia rafiki yangu kwa shukrani. Kisha nikainua uso.

Majirani walikuwa wamejipanga nje ya ua, mke wa Edson mbele yao, akiitazama ile fimbo. Mumewe hakurudi nyumbani. Nilifungua kinywa niwaambie kwamba watu walikuja kuniua. Lakini ningewaonyesha nini? Nyayo zao ndizo zilizokuwa ushahidi wangu, na Mbuke alikuwa amezifagia zote. Ameniokoa, na kwa mkono huohuo amenimaliza.

Hakuna aliyethubutu kuukanyaga uwanja. Selestine ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, na wengine wakasubiri jibu.

"Mama Wema, hapa amefagia nani?"