Mshale Uliokwama Nusu

Debora alikuwa mchuuzi wa dagaa. Aliwanunua katika vijiji vya rasini, akawauza sokoni Mwigobero, mjini Musoma. Mume wake, Pastory, alikuwa nahodha wa boti yao ndogo. Boti hiyo ilikuwa na tanga, na pia ilikuwa na injini ya dizeli. Upepo ukiwa mzuri, walipandisha tanga. Upepo ukilala, waliwasha injini. Onesmo, mdogo wake Debora, alipakia mizigo, na usiku alilala botini kulinda.

Kila asubuhi Pastory alitazama geji ya mafuta, ile saa ndogo yenye mshale karibu na injini. Mshale ukiwa nusu, alisema, "Yanatosha. Twende."

Siku moja walikuwa wanarudi mjini. Walibeba magunia ya dagaa na abiria wachache. Mmoja alikuwa mama kijana, Selestina. Alikuwa anampeleka mtoto wake hospitali, maana mtoto alikuwa na homa kali. Katikati ya ziwa upepo ulikata. Tanga likalegea kama nguo kwenye kamba. Pastory akawasha injini. Ilikwenda kidogo, ikakohoa, ikazima.

Wote wakatazama geji. Mshale ulionyesha nusu.

"Mafuta yapo," Pastory alisema. Lakini alipofungua kifuniko cha tangi na kuchungulia, uso ulimbadilika. Tangi lilikuwa tupu.

Walikaa pale juani, wakipunga nguo kuomba msaada. Debora alimpakata mtoto, akamwekea kitambaa chenye maji kichwani. Mara mtoto akakakamaa, macho yakageuka.

"Dada, mwanangu anakufa!" Selestina alilia.

Boti moja iliyokuwa inapita ikawapa dizeli. Pastory akaimimina haraka, lakini injini ilikataa kuwaka. Mwishowe walifungwa kamba wakavutwa hadi Mwigobero. Hospitalini mtoto alitibiwa, akapona. Lakini daktari alisema, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine."

Pastory alirudi mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akiwa na hasira. Watu walikuwa wengi.

"Onesmo, mafuta yangu yako wapi?"

"Shemeji, mimi sijagusa mafuta. Nalalaga hapa kulinda tu."

"Ndiyo! Unalala hapa, unanyonya dizeli, unauza. Wewe ni mwizi!"

Onesmo alimtazama dada yake. Debora alifungua mdomo, lakini maneno hayakutoka. Kesho yake asubuhi Onesmo alibeba begi lake, akaenda kwa mama yao, Butiama.

Nyumbani kwao Nyasho, Debora hakupata raha. Alisonga ugali huku mawazo yako mbali. Mume ni wake, na ndugu ni wake. Amwamini nani? Alirudia lile jambo kichwani, hatua kwa hatua. Kisha akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba Recho," alimwita mumewe. "Mwizi akinyonya mafuta, mshale si unashuka?"

"Unashuka."

"Na injini ikitumia mafuta?"

"Unashuka pia."

"Sasa tangi lilikuwa tupu, na mshale ulibaki nusu. Huo mshale unasema kweli?"

Ugali ulipoiva, Pastory alikula kidogo, akanawa mikono. Kisha akasema, "Kesho tumwite fundi."

Fundi alikuwa Rhobi, mama wa makamo kutoka Kamunyonge. Yeye alitengeneza injini za boti. Kwanza alikataza mtu yeyote kuvuta sigara karibu. Kisha akatoa waya wa betri.

"Ndani ya tangi kuna boya dogo kwenye mkono wa chuma," alieleza. "Mafuta yakipanda, boya linapanda. Yakishuka, linashuka. Mshale unafuata boya. Tuone lenu."

Alifungua skrubu, akatoa kile chuma taratibu. Mkono ulikuwa umeganda katikati kwa uchafu mweusi na kutu. Rhobi aliusukuma kwa kidole. Haukusogea.

"Huu umekwama siku nyingi," alisema. "Mlikuwa mnatembea kwa kubahatisha. Pale mlipoweza kwenda kwa tanga, hamkujua. Siku upepo ulipokata, mkajua."

Debora alimtazama mumewe. Pastory aliangalia chini.

Rhobi alisafisha mkono mpaka ukacheza vizuri. Akalitikisa boya karibu na sikio. "Likiwa na mafuta ndani, linazama, hapo unanunua jingine. Hili ni zima." Akakwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vya nyaya, maana kutu nayo hudanganya mshale. Mwisho akasafisha tangi lote.

"Na kwa nini injini ilikataa kuwaka tulipopewa dizeli?" Pastory aliuliza.

"Tangi likikauka, injini ya dizeli inavuta hewa. Lazima hewa itolewe kwenye mipira ya mafuta kabla haijawaka. Ndiyo maana hatusubiri mafuta yaishe."

Walirudisha kila kitu. Rhobi akamimina lita tano, akatumbukiza kijiti kirefu kikavu, akakikata alama kwa kisu pale mafuta yalipofika. Akamimina lita tano nyingine, akakata alama nyingine. Hivyo hivyo mpaka tangi likajaa. Alama za chini ziliachana sana. Za juu zilikaribiana.

"Mbona hazilingani?" Debora aliuliza.

"Tangi lenu limefuata umbo la boti. Chini ni jembamba, juu ni pana. Kwa hiyo mshale ukiwa nusu, mafuta hayafiki nusu. Geji iangalieni, lakini kijiti ndicho shahidi. Pimeni boti ikiwa imetulia, haijainama upande."

Kisha akawafundisha kujua injini inakula kiasi gani. "Jazeni tangi. Angalieni saa mnapowasha na mnapozima. Mkirudi, jazeni tena hadi palepale. Lita mlizoongeza, gawanyeni kwa saa ilizounguruma. Na safari yoyote, theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi. Theluthi inayobaki ni ya shida. Msiiguse."

Pastory alisema kwa sauti ndogo, "Fundi, nimemwita mtu mwizi mbele ya watu."

"Hiyo mimi siwezi kuitengeneza," Rhobi alisema.

Jumamosi, Pastory na Debora walikwenda Butiama. Walimkuta Onesmo akipukuchua mahindi. Pastory hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Shemeji, mafuta hayakuibiwa. Geji ilikwama, na mimi sikupima. Nimekukosea. Nisamehe."

Onesmo aliendelea kupukuchua. Debora alipiga magoti karibu naye. "Na mimi nilinyamaza, mdogo wangu. Nilipaswa kukusemea."

Hatimaye Onesmo akasema, "Nitarudi. Lakini tutapimaga wote wawili. Asubuhi na jioni. Na hayo maneno ya kuomba radhi, shemeji, uyaseme kulekule mwaloni."

"Nitayasema," Pastory alijibu. Na aliyasema, watu wakisikia.

Walianza kupima. Wakagundua kwamba injini inakula lita mbili kwa saa, na mzigo ukiwa mkubwa na upepo wa mbele, inakaribia tatu. Walianza kupandisha tanga mapema zaidi. Siku moja abiria walilalamika kwa sababu Pastory alikataa kuondoka kabla ya kuongeza dizeli. Walipofika katikati ya ziwa, upepo ulikata. Injini iliunguruma mpaka wakafika. Hakuna aliyelalamika tena.

Mwezi uliofuata, kelele zilizuka Mwigobero. Silasi, mwenye boti nyingine, alikuwa amemshika kijana wake wa kazi shati.

"Dizeli yangu umeuza! Mshale ulikuwa juu jana!"

Pastory aliacha kamba aliyokuwa anaifunga. Akaenda, akaushika mkono wa Silasi, akautoa shatini polepole.

"Ndugu yangu," alisema, "fungua tangi kwanza."